Moja Nukta Sifuri Nne

Karatasi inasema: moja nukta sifuri nne.
Chini ya sifuri nukta tisa, huna.
Juu ya moja nukta moja, huenda unacho.
Mimi nimeangukia kizingitini,
mguu ndani, mguu nje,
na mvua ya Wanale inanyesha pande zote mbili.

Miaka kumi na moja napima kahawa ghalani Mbale.
Wakulima wa Bududa wananijua:
Nambozo haongezi, Nambozo hapunguzi.
Mshale ukitetemeka nasema, "Shusha. Pandisha tena."
Sasa mshale ni mimi.

Akiteng wa maabara,
msichana mwenye kifuniko cha kalamu kilichotafunwa,
hakunidanganya.
"Mama, hii si ndiyo. Wala si hapana.
Kipimo hakikitafuti kirusi chenyewe,
kinatafuta nyayo za askari waliotumwa kukifukuza.
Pengine askari ndio kwanza wanakusanyika.
Pengine ni wa vita vingine, sare zimefanana.
Rudi baada ya wiki kumi na mbili."
Nikauliza: kama kipo, kimetoka kwa nani?
Akaichomoa kalamu mdomoni.
"Damu haiandiki jina, mama. Wala tarehe."

Usiku nahesabu.
Wodeya: miezi miwili na siku tano,
fundi wa vinu, hunukia unga hata akishaoga.
Kabla yake, miaka minne ya kulalia nusu ya kitanda.
Kabla ya hapo Magombe,
aliyekwenda Juba na lori la bia
akarudi na simu mbili.
Kila ninayemnyooshea kidole
kidole kinarudi kimelowa shaka.
Dada yangu Khainza hana shaka: "Ni huyo wa unga."
Khainza ana hukumu ya kila kesi,
hata zisizofunguliwa.

Nilimwambia Wodeya Jumapili, tukila malewa.
Neno lenyewe, hepesi, lilitoka jepesi mno,
kama jina la sabuni.
Akatua kijiko. Hakuuliza nani.
Aliuliza, "Unaumwa wapi?"
Siumwi. Hakuna lengelenge, hakuna hata kipele.
Namba tu ndiyo inayouma.
Akaondoka bila koti.

Siku nne koti lilining'inia mlangoni
nami nikalipita kama mtu ninayemdai.

Alirudi Alhamisi. Karatasi yake mfukoni mwa shati,
ina alama za vidole vya unga.
Sita nukta nane.
Pale mshale hautetemeki.
"Sijawahi kuugua," alisema. "Sijawahi kuona kitu.
Labda miaka ishirini natembea nacho
kama jina la utani nisilojua naitwa."
Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea.
Yakabaki mdomoni kama makapi.

Hatukulaumiana.
Uongo: tulilaumiana kidogo, mpaka chai ikapoa.
Kisha tukaenda wote wawili kwa Akiteng,
akatuambia habari za vidonge, za mipira,
na za watu wengi mjini humu
wanaobeba kitu kile kile wakiuza nyanya, wakifundisha hesabu,
wakiimba kwaya.
Wodeya akacheka kidogo kwenye kwaya.
Nilimpenda kwa kicheko kile, na bado nilikuwa na hasira.

Leo wiki ya tano.
Kijana Kuloba kaleta magunia matatu.
"Pima basi, mama, nina safari."
Nachota kiganja, nauma punje moja.
Laini.
"Hii haijakauka. Nikiipima leo,
mizani itasema uzito wa maji."
Ananuna. Analikunjua turubai uani, anaimwaga.
Jua linachungulia, linajificha tena.
Navua viatu, naingia kati ya kahawa,
naanza kuigeuza kwa nyayo, polepole,
upande huu,
na upande ule.